Rada ya mawimbi ya milimita: ugeuze mwale au utumie antena pepe? Nilichokiona uwanjani, na pale bodaboda zinaponishinda

#1 MchomaRisasi

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa mwezi uliopita kuhusu kuhesabu vyombo vya moto kwa rada, mdau mmoja aliandika kwamba antena pepe (antena za ziada zisizokuwepo kwenye bodi, zinazopatikana kwa hesabu) ni maneno ya katalogi tu, ujanja wa programu, na kwamba rada ya maana ni ile inayogeuza mwale wake kama taa ya mnara wa meli. Sikumjibu siku ile kwa sababu sikuwa na kipimo mkononi. Sasa ninacho. Kuna mahali pia nimekwama, kwa hiyo naleta yote mawili, nilichokielewa na ninachoombea msaada.

Vifaa vyangu: bodi moja ya gigahezi 77, antena 3 za kurusha na 4 za kupokea, laptopu, pawabenki, na stendi ya kamera. Kwa masafa hayo urefu wa wimbi ni milimita 3.9 tu. Antena za kupokea zinatakiwa kuachana nusu ya wimbi, yaani milimita 1.95, kwa hiyo upana wa safu nzima unafunikwa na ukucha wa kidole gumba. Nasema hivi kwa sababu wengi tukisikia rada tunafikiria lile sahani kubwa linalozunguka uwanja wa ndege.

Rada inajuaje kitu kiko upande gani? Mwangwi ukitoka mbele kabisa, unazifikia antena zote nne kwa pamoja. Ukitoka pembeni, unaifikia moja kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Kuchelewa huko ni sehemu ya milimita, lakini kwa wimbi la milimita 3.9 kunaonekana wazi kama tofauti ya fezi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake. Ni fezi ileile mafundi umeme wanayoijua kwenye nyaya tatu, isipokuwa hapa inazunguka mara bilioni 77 kwa sekunde.

Safu ikiwa pana, rada inatenganisha vitu viwili vilivyo karibu. Hesabu ya haraka: chukua 2, gawa kwa idadi ya antena zilizoachana nusu wimbi, jibu ni radiani. Antena 4 zinakupa 0.5, yaani digrii 28 na ushee. Kwa umbali wa mita 40 huo ni upana wa mita 20: barabara yote, mitaro yote miwili, na vibanda vya pembeni. Kila kitu kilicho humo kwa umbali uleule na mwendo uleule ni donge moja.

Hapa ndipo njia zinapoachana.

Njia ya kugeuza mwale: antena za kurusha zinarusha zote kwa wakati mmoja, ila kila moja unaichelewesha fezi kidogo kuliko jirani yake. Mawimbi yanajumlishana upande mmoja na kuuana pande nyingine. Ukibadilisha ucheleweshaji, mwale unahamia kwingine bila kitu chochote kuzunguka. Jambo hili ni la zamani kuliko rada yenyewe. Mwaka 1905 Karl Ferdinand Braun, Mjerumani aliyekuja kugawana tuzo ya Nobel na Marconi mwaka 1909, alisimamisha antena tatu katika pembetatu, akachelewesha mojawapo, akaona nguvu inaelemea upande mmoja.

Njia ya antena pepe: hapa watu wanapopotea ni kudhani antena ya kupokea peke yake ndiyo yenye nafasi. Antena ya kurusha nayo ina nafasi. Ukiisogeza lamda mbili (lamda ni urefu wa wimbi moja) kwenda kulia, fezi inayofika kwenye kila antena ya kupokea inabadilika sawasawa na kama ungeibeba safu yote ya kupokea ukaisogeza lamda mbili. Bodi yangu ina antena mbili za kurusha zilizo kwenye mstari mmoja, zimeachana hivyohivyo lamda mbili (ya tatu imeinuliwa juu kwa ajili ya kupima kimo, tuiache). Kwa kipimo cha nusu wimbi, za kupokea ziko 0, 1, 2, 3. Za kurusha ziko 0 na 4. Zikirusha kwa zamu, ya kwanza inakupa 0, 1, 2, 3, na ya pili inakupa 4, 5, 6, 7. Umepata safu ya antena 8 kwa kutumia 6. Nne kati ya hizo hazipo kwenye bodi, lakini fezi zake zimepimwa hewani, zimebebwa na wimbi lenyewe. Programu kazi yake ni kuzipanga foleni tu.

Ndiyo maana neno "ujanja wa programu" halikunikaa vizuri, nikaenda kupima.

Nilikata bati la alumini vipande vya pembetatu, nikavifunga vitatuvitatu kwa pembe mraba kama kona ya chumba, nikapata viakisi viwili. Kiakisi cha namna hii kinarudisha wimbi kulekule lilikotoka. Jumamosi asubuhi, kabla vijana hawajaanza mazoezi, niliweka rada kwenye goli la uwanja wa shule moja jirani. Nikafunga kamba ya mita 20 kwenye mguu wa stendi, nikatembea nayo imenyooka kama unavyochora duara kwa kamba na kijiti, nikaweka kiakisi cha kwanza. Nikasogea mita 6 pembeni, kamba bado imenyooka, nikaweka cha pili. Kamba ilikuwa muhimu. Rada yangu inafagia masafa yenye upana wa gigahezi 1, maana yake inatenganisha umbali wa sentimita 15. Kimoja kingekuwa mbele ya mwenzake kwa hatua moja tu, umbali ungevitenganisha, na mimi nataka pembe pekee ndiyo ifanye kazi.

Mita 6 kwa mita 20 ni radiani 0.3. Antena 4 zinahitaji 0.5, kwa hiyo zisiweze. Antena 8 zinahitaji 0.25, kwa hiyo ziweze kwa shida.

Nikawasha kwa antena moja ya kurusha: kilima kimoja kinene. Nikawasha zamu za antena mbili: vilima viwili, katikati kuna bonde. Nikavisogeza viakisi hadi mita 4: vikaungana tena. Niliirudia mara tano, na mara ya tatu nilimwita mlinzi wa shule ashuhudie kwenye skrini.

Sasa shida. Nilihamia kando ya barabara. Watu wanaotembea wanakaa mahali pao. Baiskeli safi. Bodaboda ikija kwa kasi, inagawanyika: naona mbili, moja kushoto na moja kulia, na pale ilipo kweli hakuna kitu. Mbele ya rada kuna tuta. Ikikaribia tuta na kupunguza mwendo, zile mbili zinaungana ghafla kuwa moja, mahali pake. Ikivuka tuta na kukaza, zinaachana tena. Marekebisho ya fezi kutokana na mwendo nimeyaweka tayari. Kila zamu ni mikrosekunde 50. Nakosea wapi?

#2 Mzee wa Mnara

Kijana, kwanza hongera kwa kamba. Wengi wanapima kwa macho halafu wanailaumu rada.

Mimi ndiye niliyeandika yale maneno mwezi uliopita, na sitakimbia. Nimetunza rada za meli miaka mingi, na naomba nieleze kilichonifanya niseme vile, maana sikukieleza siku ile.

Suala langu ni nguvu. Unaporusha kwa zamu, antena moja inafanya kazi, nyingine zimekaa. Ukizirusha tatu pamoja na fezi zikakubaliana, hupati mara tatu, unapata mara tisa kwenye upande unaoutaka: mara tatu kwa sababu vyanzo ni vitatu, na mara tatu tena kwa sababu nguvu imekusanywa badala ya kusambazwa. Hizo ni desibeli 9.5 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu). Kwa kuwa mwangwi unapungua kwa umbali kipeo cha nne, mara tisa ya nguvu inakuongezea umbali mara 1.73. Rada iliyokuwa inaona mita 100 sasa inaona mita 173, kwa bodi ileile. Antena zako pepe haziongezi hata wati moja hewani.

La pili nalijali zaidi. Mwale uliogeuzwa una kitu usichokimulika. Wewe unamulika kila kitu: bodaboda, ukuta wa mabati, kontena la duka, nguzo. Halafu unasema programu itachagua. Lakini kontena likiwa mita 8 kutoka kwako, mwangwi wake unaweza kukijaza kipokezi hadi kikazidiwa, na kipokezi kikishazidiwa, kilichopotea hakirudi kwa hesabu yoyote. Hata kabla ya kufikia hapo kuna miale ya pembeni, yaani nguvu inayovuja nje ya mwale mkuu. Safu iliyopangwa sawasawa ina mwale wa pembeni ulio desibeli 13 tu chini ya ule mkuu. Mimi nikigeuza mwale wa kurusha na wa kupokea kuelekea upande mmoja, hizo 13 zinakuja mara mbili, 26. Wewe kwenye safu yako ya 8 unabaki na 13.

Hilo la bodaboda kugawanyika sijalikuta, nawaachia wenye kulijua.

#3 Mwanafunzi Mwaka wa 3, Eldoret

Shikamooni. Swali la mwanafunzi: kama chipu ya MchomaRisasi ina uwezo wa kubadilisha fezi za antena za kurusha, kwa nini asifanye yote mawili kwa bodi hiyohiyo? Ageuze mwale akitaka kuona mbali, arudi kwenye antena pepe akitaka kutenganisha.

#4 MchomaRisasi

Mzee, asante kwa maelezo, na shikamoo. Hoja ya kontena naichukua kwa mikono miwili kwa sababu kweli kuna kibanda cha mabati upande wa kushoto pale barabarani.

Mwanafunzi, nilijaribu hasa hicho unachosema, siku ileile uwanjani. Chipu inaruhusu kusogeza fezi kwa hatua 64, kila hatua digrii 5.625. Niliwasha zile mbili za kurusha pamoja, fezi sawa, mwale mbele kabisa. Kiakisi kilichokuwa mbele kiliongezeka nguvu kama Mzee anavyosema. Halafu nikakibeba kiakisi kwenye ile kamba kuelekea pembeni. Nguvu ikashuka, ikafa, halafu ikaanza kupanda tena, na nilipofika kama digrii 30 ilikuwa imerudi. Upande wa pili, hivyohivyo.

Sababu ni ile nafasi ya lamda mbili. Antena zikiachana zaidi ya nusu wimbi, kuna upande mwingine ambako mawimbi yanakubaliana tena, kwa sababu tofauti ya njia imefika wimbi moja kamili. Kwa lamda mbili hilo linatokea pale sini (sine) ya pembe ni nusu, yaani digrii 30. Mwale wako una pacha wawili. Kwa hiyo nafasi inayozifaa antena pepe ndiyo inayoharibu mwale, na ukizisogeza za kurusha ziwe nusu wimbi ili mwale utulie, nafasi pepe zinaangukia juu ya nyingine: 0, 1, 2, 3 na 1, 2, 3, 4. Unabaki na safu ya 5 badala ya 8. Aliyechora bodi alishachagua kabla yako.

#5 Dada Mawimbi

Habari zenu wote. Niko Ujerumani, kazi yangu ya kila siku ni rada za magari, na nimefurahi sana kusoma mjadala huu kwa Kiswahili, mara nyingi nayafikiria haya mambo peke yangu kwa lugha nyingine. Naomba nafasi, nitaandika kwa urefu.

Kaka MchomaRisasi, bodaboda yako kwanza. Tuifuate.

Inakuja kwa mita 10 kwa sekunde, kilomita 36 kwa saa. Katika zamu moja ya mikrosekunde 50 inasogea nusu milimita. Wimbi linakwenda na kurudi, kwa hiyo njia imefupika milimita 1. Wimbi zima ni milimita 3.9, basi fezi imezunguka karibu digrii 92 kati ya zamu ya antena ya kwanza na ya pili. Fezi hiyo imetokana na mwendo, haina uhusiano na pembe, lakini safu yako pepe haijui. Usiporekebisha kabisa, kitu kinahama kama digrii 5 au 6. Kwa mita 40 ni karibu mita 4, yaani bodaboda imehamia njia ya wanaotoka.

Wewe umerekebisha. Umechukua mwendo uliopimwa na Doppler (fezi ya mwangwi inavyobadilika kadiri kitu kinavyosogea), ukakokotoa fezi ya zamu moja, ukairudisha nyuma. Ni sahihi. Ila angalia Doppler yako inapima nini. Antena ya kwanza inarudi kurusha baada ya zamu mbili, si moja. Katika zamu mbili fezi imezunguka digrii 184. Doppler haiwezi kutofautisha 184 kwenda mbele na 176 kurudi nyuma, ni mahali pamoja kwenye duara. Inakuambia bodaboda inarudi nyuma. Wewe unagawa kwa mbili unapata hasi 88 mahali pa 92. Tofauti kati ya hizo mbili ni digrii 180 kamili.

Sasa nusu ya safu yako imegeuzwa kichwa chini. Pale kitu kilipo, nusu mbili zinauana, ndiyo maana unaona tupu. Zinakubaliana pembeni, vilele vikitokea kama digrii 11 kila upande, ndiyo maana unaona mbili. Mpaka wa mwendo ambao ukivukwa kosa hili linaanza ni lamda gawa kwa mara nne ya muda wa mzunguko wa zamu, kwako mita 9.7 kwa sekunde, kilomita 35 kwa saa. Tuta lako linaishusha bodaboda chini ya 35. Umejijengea kipimo kizuri bila kukusudia.

Dawa ya kuanzia: kwa kila kitu ulichokiona, fanya hesabu ya pembe mara mbili, moja kwa fezi uliyonayo na nyingine ukiongeza digrii 180, halafu chukua ile yenye kilele kirefu. Fezi ikiwa sahihi antena zote 8 zinakubaliana; ikiwa kinyume, vilele viwili vinagawana na kila kimoja kinakuwa chini karibu desibeli 3. Tofauti hiyo inaonekana. Haitakusaidia vyombo viwili vikiwa kwenye umbali na mwendo mmoja, hapo hesabu inaweza kudanganyika. Unaweza pia kufupisha zamu hadi mikrosekunde 30, mpaka utapanda hadi kilomita 58 kwa saa. Lakini usipoongeza kasi ya kupandisha masafa, utafagia upana mdogo, na zile sentimita 15 zako zitaharibika.

Huu ndio ushuru wa antena pepe za zamu. Kuna bodi ya mfano ya Texas Instruments yenye chipu nne zilizounganishwa: antena 12 za kurusha, 16 za kupokea, jumla 28 unazoweza kuzihesabu kwa kidole, na unapata pepe 192. Zile za mlalo zisizorudiana ni 86, na utenganishaji unafika kama digrii 1.4. Kwa mita 40 ni mita 1: mtu aliyesimama kando ya gari unamwona peke yake. Hicho ni kitu ambacho kwa kugeuza mwale pekee ungehitaji safu ndefu iliyojazwa antena halisi. Lakini zikipokezana zote 12 kwa mikrosekunde 50, mpaka wa mwendo unashuka hadi mita 1.6 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayewahi basi.

Mzee wa Mnara, shikamoo. Hesabu yako ya mara tisa ni sahihi, na naomba niiendeleze kidogo kwa heshima.

Mara tisa unaipata upande mmoja tu, kwa muda wote unaoukazia macho. Kama unahitaji kuangalia pande tatu, muda unagawanyika kwa tatu, na kila upande unabaki na mara tatu. Sasa linganisha na antena pepe ambazo hazipokezani. Siku hizi tunaziwasha zote kwa wakati mmoja, na kila moja inabadilishiwa fezi kutoka mpando mmoja wa masafa (kila rada inapofagia masafa mara moja kutoka chini kwenda juu) hadi mwingine kwa hatua yake ya pekee, kwa kutumia vile vihamisha fezi vinavyotumika kugeuza mwale. Kwenye Doppler kila antena inajitokeza mahali pake, kana kwamba ni vyombo vyenye mwendo tofauti, na tunazitenganisha hapo. Zote tatu zinafanya kazi muda wote, kwa hiyo nazo zinapata mara tatu ukilinganisha na zamu. Mizani imekaa sawa. Bei yake ni kwamba nafasi ya Doppler imegawanywa kwa antena zote, kwa hiyo ule utata wa mwendo haujaondoka, umebadilisha sura.

Kwa hiyo mimi sioni ugomvi wa ya kweli na ya bandia. Anayegeuza mwale anachagua pa kuangalia kabla ya kurusha. Mwenye antena pepe anachagua baada ya kupokea, na anaweza kuchagua tena na tena kwa data ileile. Ukishajua kitu kiko wapi, kuchagua mapema kunakulipa nguvu yote. Usipojua, kuchagua mapema ni kukiacha kipite wakati umegeukia kwingine. Kwenye gari hatujui mtoto atatokea upande gani, ndiyo maana mimi niko upande wa antena pepe.

#6 Mzee wa Mnara

Marahaba binti. Hapo kwenye kugawa muda umenishika vizuri, sikuwahi kuiandika hesabu hiyo kwenye karatasi hadi mwisho. Melini tulikuwa na muda. Sahani linazunguka, meli haiendi popote kwa sekunde mbili.

Nabaki na moja. Ziko kazi ambazo upande unajulikana tangu siku ya kwanza: njia ya reli, handaki, lango la bandari, mfereji. Hapo sioni kwa nini mtu amulike milima. Na la kipokezi kuzidiwa na mabati halijajibiwa.

#7 Dada Mawimbi

Halijajibiwa kwa sababu uko sahihi, Mzee. Kwa njia ya reli nami ningekusanya mwale. Na kuhusu mabati, antena pepe hazina kinga, kinachobaki ni kupunguza ukuzaji wa kipokezi au kuhamisha rada. Hata nguvu yenyewe kuna mahali inafika ikome: chipu za aina hii zinatoa kama dBm 12 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja) kwa kila antena, na kwa antena yenye kukuza desibeli 10, tatu zikijumlishwa upande mmoja zinafika dBm 31.5. Marekani kwa mfano inaruhusu wastani wa dBm 50 kwenye gigahezi 76 hadi 81, kwa hiyo nafasi ya kukusanya bado ipo kubwa. Kila mtu aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake kabla ya kuweka kitu barabarani moja kwa moja.

#8 Mwanafunzi Mwaka wa 3, Eldoret

Nimejifunza kuliko muhula mzima. Na muda wa kufagia pande zote? Mwale unageuzwa kwa haraka kiasi gani?

#9 MchomaRisasi

Kugeuza fezi kwenyewe ni kwa mikrosekunde, si tatizo. Kinachokula muda ni kukaa kila upande ili upate Doppler nzuri. Chukua mipando 128 ya mikrosekunde 50: milisekunde 6.4 kwa upande mmoja. Eneo la digrii 120 kwa mwale wa digrii 15 ni pande 8, jumla milisekunde 51. Kwa zamu zangu mbili nalipata eneo lote kwa 12.8. Ila mwenye mwale habebi utata wangu wa mwendo, mpaka wake kwa zamu hizohizo ni kilomita 70 kwa saa.

#10 MchomaRisasi

Wakuu nimerudi, mrejesho.

Nimeongeza mistari michache tu kwenye programu: hesabu ya pembe mara mbili, ile ya pili nikiongeza digrii 180 kwenye chaneli nne za antena ya pili ya kurusha. Leo alasiri nimekaa pale kwenye tuta saa moja na nusu.

Bodaboda ya kwanza kuja kwa kasi ilikaa kwenye njia yake, nukta moja, kutoka mita 60 hadi ilipokanyaga tuta na hata ilipoondoka. Nilisimama kwenye kiti bila kujua nimesimama. Nimeandika tofauti ya vilele kwa bodaboda ishirini za kwanza zilizopita peke yake: nyingi zimeangukia kati ya desibeli 2 na 3, karibu na alivyosema Dada. Pikipiki mbili zikija sambamba bado zinanichanganya, mara mbili nimeona tatu.

Mzee, nimefanyia kazi la kwako pia. Niliangalia mawimbi ghafi kabla ya hesabu yoyote: kwenye ile nafasi ya kibanda, vilele vya wimbi vilikuwa vimekatwa bapa kama vimepigwa randa. Kipokezi kilikuwa kinazidiwa kila mpando, na mimi nimekuwa nikidhani upande wa kushoto una trafiki ndogo. Nimehamisha stendi mita 3 nyuma ya mti na kuigeuza kidogo. Vilele sasa ni duara, na baiskeli za upande wa kushoto zimeanza kuonekana.

Nitaweka data ghafi ya leo hapa kesho, Dada naomba uangalie zile sambamba.

#11 Dada Mawimbi

Weka, kaka. Na uiweke pamoja na ile ya kabla hujahamisha stendi, nataka kuona huo ubapa.